Mkanda Usio na Bizimu

Tu, tu, tu. Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mtu anayebisha hodi huku akiogopa kufunguliwa. Mwanahawa aliisikia kabla ya adhana, akiwa bado ndani ya blanketi, na akajua mara moja ni nini. Mume wake ameamka tena. Amekaa kwenye kigoda ukumbini, amewasha kibatari, anapiga vitobo kwenye ngozi. Nyundo ameivika kitambaa kichwani ili isimwamshe mkewe.

Ilimwamsha kila siku. Ilikuwa wiki ya pili sasa, na Mwanahawa hakuwa amemwambia hata mara moja. Alilala kimya akisikiliza. Mtu akikufanyia wema wa namna ile, ukimwambia haukusaidia kitu utakuwa umemwonea.

Ulikuwa mwezi wa Juni, mwaka wa hamsini na tano, na baridi ya Mbeya ilikuwa inauma masikio. Halfani Othmani alikuwa fundi wa ngozi. Alishona viatu, mikoba na mikanda, na duka lake lilikuwa kibaraza cha nyumba yake. Watu walimletea kazi kutoka Iyunga na hata kutoka machimbo ya dhahabu kule Chunya, kwa sababu mshono wake hauachii. Ila macho yake yalikuwa yameanza kumtoroka. Kila jioni Mwanahawa alitunga uzi kwenye sindano kumi, akazichomeka kwenye kitambaa, zimejipanga, ili asubuhi mume wake asihangaike. Halfani hakuuliza nani amezitunga. Alisema tu, "Leo sindano zimeamka mapema kuliko mimi."

Kazi iliyomtoa kitandani alfajiri zote zile ililetwa mwezi wa Aprili na mwalimu mmoja wa shule, Filemoni Kalinga, mtu wa Kilolo, upande wa Iringa. Alikuwa amekuja Mbeya kwa shughuli zake, akapita kibarazani kushonesha kiatu kilichopasuka. Alipoona mikanda iliyotundikwa ukutani, alisimama akaitazama kwa muda mrefu.

"Fundi," alisema, "unaweza kumshonea mkanda mtu aliyekufa zamani?"

"Nikipata kipimo chake," Halfani alijibu bila kuinua kichwa. "Tena hao ndio wateja wazuri. Hawarudi kuniambia unabana."

Mwalimu akacheka, akavuta kiti, akaeleza. Mwaka uliopita kichwa cha Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kilikuwa kimerudishwa Kalenga kutoka Ujerumani, na tangu siku hiyo wazee wa Uhehe hawakuwa na mazungumzo mengine. Sasa kijijini kwao walitaka kuigiza vita vya Lugalo, siku ya sikukuu ya Petro na Paulo, baada ya misa, ili vijana waone jinsi babu zao walivyotoka majumbani mwao kwenda kupigana na Wadachi. Mikuki ilikuwa imepatikana. Ngao zilikuwa zinatengenezwa. Baba yake Filemoni, mzee Kalinga, alikuwa ameombwa asimame mahali pa baba yake mwenyewe, ambaye alikwenda Lugalo na hakurudi.

"Akakataa?" aliuliza Mwanahawa, aliyekuwa analeta chai.

"Hakukataa, mama. Amesema hasimami bila mkanda." Filemoni akapokea kikombe kwa mikono miwili. "Baba haoni, huu ni mwaka wa nne. Anasema, uso wa baba umenitoka, sauti imenitoka, lakini mkanda haujanitoka. Alikuwa na miaka sita siku ile. Anasema mkanda wa baba yake ndio uliokuwa unalingana na macho yake. Baba yake akisimama mlangoni, yeye alikuwa anaongea na mkanda."

Mwanahawa aliweka birika chini.

"Na wenzake wanasemaje?"

"Wengine wanamwona ana deko. Kuna jirani yetu, Jailos, amenunua mkanda wa dukani, anasema mzee akiendelea hivyo atasimama yeye. Baba akamjibu, sawa, simama. Lakini tangu siku hiyo anakula kidogo sana."

Halfani aliacha kazi aliyokuwa nayo mkononi. "Niambie ulikuwaje," alisema.

Filemoni akamweleza kama alivyoelezwa na baba yake. Upana wa kiganja. Rangi nyekundu iliyoiva mpaka inakaribia weusi. Mistari mitatu ya vitobo, mmoja juu, mmoja katikati, mmoja chini. Na kitanzi cha kuchomekea kisu upande wa kulia, maana babu yake alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Ulifungwa vipi, hakusema, na Halfani hakuuliza. Kisha mwalimu akatoa mfukoni kamba yenye mafundo mawili.

"Hiki ni kipimo cha kiuno cha baba. Amekipima mke wangu, Rozalia."

Halfani aliinyoosha ile kamba. "Mzee ana afya njema, alhamdulillahi."

"Sijui, fundi. Mimi naona amekonda."

Wakacheka, na jambo likaishia hapo.

Halfani hakuwahi kuifanya kazi yoyote haraka, lakini hii aliifanya polepole hata kwa kipimo chake mwenyewe. Ngozi ya fahali aliitafuta kwa mchinjaji wa Iyunga, akakataa mbili, akachukua ya tatu. Maganda ya miwati yaliletwa kwa lori kutoka Njombe, akayaponda, akailoweka ngozi ndani ya pipa, akawa anaigeuza kila siku kama mtu anayemgeuza mgonjwa. Ilipotoka ilikuwa nyekundu. Akaipaka mafuta ya nyonyo, akaianika kivulini, akaipaka tena, mpaka ikaiva kuelekea weusi. Ndipo akachukua msharasi wa kutobolea na nyundo, akaanza vitobo. Mara moja alisahau, akaweka alama ya kitanzi upande wa kushoto, na Mwanahawa akasema, "Baba Ahmadi, huyo mtu ni wa mkono wa kushoto, kisu anakichomolea kulia." Alifuta alama kwa kidole gumba na kusema, "Wewe ndiye fundi. Mimi nashika nyundo tu."

Siku mkanda ulipokwisha, waliutandaza juu ya mkeka wakautazama wote wawili. Mwanahawa aliona ni kitu kizuri kuliko vyote ambavyo mume wake alikuwa ameshona katika miaka thelathini ya ndoa yao.

"Haujakamilika," alisema Halfani.

Alikwenda chumbani akarudi na kopo la bati alimokuwa anaweka vitu vya marehemu baba yake. Kulikuwa na tasbihi, wembe wa kukunja, na bizimu la shaba, kile chuma cha kufungia mkanda, pana kama kitako cha kikombe. Kila Ijumaa Halfani alilisugua kwa majivu na ndimu. Alipokuwa mtoto mdogo Iringa mjini alikaa mapajani mwa baba yake akijitazama uso ndani yake.

"Hilo?" aliuliza Mwanahawa.

"Mzee wa watu anasimama mahali pa baba yake. Nimpe chuma cha dukani, kama cha huyo Jailos?"

"Lakini ni la baba."

"Ndiyo maana."

Kitu kilimgusa Mwanahawa moyoni, kidogo tu, kama mtu anayepita nyuma yako bila kusema. Hakujua ni kitu gani. Na mtu anapotoa kile anachokipenda kuliko vyote, ni vigumu kumshika mkono katikati. Akampa sindano.

*

Walisafiri wote wawili. Halfani alisema atakwenda peke yake, Mwanahawa akamuuliza, "Mkanda ukihitaji mshono mmoja huko Kilolo, nani atakutungia uzi? Jailos?" Halfani akakubali.

Basi la Relwe, yaani la shirika la reli, liliondoka Mbeya asubuhi. Kulikuwa na vumbi jekundu njia nzima. Walikula ndizi za kuchoma Chimala, wakapita Sao Hill jua likiwa linaelemea, na usiku walilala kwa ndugu zake Halfani, Miyomboni. Kesho yake walipata lori lililokuwa linakwenda kuchukua mahindi Kilolo. Dereva, kijana wa Kibena ambaye hawakuwa wanamjua, alimweka Mwanahawa mbele, akakunja gunia akamtandikia kwenye kiti kwa sababu springi zilikuwa zimetokeza. Mwanahawa alimwombea dua njia nzima.

Walifika saa nne. Ilikuwa siku moja kabla ya sikukuu. Nyumba ya mwalimu ilikuwa mgongoni mwa kilima, na mianzi ya kugemea pombe ya ulanzi imesimama nyuma yake ikipiga kelele kwa upepo. Rozalia, mke wa Filemoni, alitoka mbio kuwapokea.

"Kamwene, mama! Kamwene, baba! Mmeganda kwa baridi, ingieni."

Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye haya, na hakukaa mahali pamoja. Muda si muda akaleta ugali na kuku. Kisha akainama karibu na sikio la Mwanahawa.

"Mle bila wasiwasi, mama. Huyu jogoo nimempeleka kwa mwenye duka kule chini, Mwislamu mwenzenu, amemchinja yeye mwenyewe. Na chungu ni kipya, hakijawahi kupikiwa kitu."

Baadaye Filemoni alisema duka hilo liko mwendo wa saa nzima kwenda, na kurudi ni kupanda mlima. Rozalia alikuwa ameondoka nyumbani gizani, jogoo kwapani. Mwanahawa alimshika mkono akakaa nao.

Walipokwisha kula, Filemoni aliwapeleka kwenye nyumba ndogo ya baba yake, hapo hapo uani. Rozalia alikuja nyuma yao na chungu cha togwa, lakini hakuingia. Alikiweka mlangoni, akagonga mwimo, akarudi nyuma. Kwa desturi yao mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe wake.

Mzee Kalinga alikuwa amekaa karibu na moto. Alikuwa amevaa kabuti kubwa la askari wa vita vya Mfalme, alilolinunua kwa mtu aliyerudi Burma, na ndani ya kabuti hilo alionekana kama ndege kiotani. Aliposikia miguu aligeuza uso.

"Huyu ndiye fundi wa Mbeya? Lete mkono." Akaushika wa Halfani, akaupapasa kiganjani. "Mh. Mgumu kama ukwato. Basi ni fundi kweli. Wenye mikono laini huwa wananiuzia maneno. Na huyu mwingine?"

"Ni mke wangu, mzee."

"Amekuja kukulinda. Vizuri. Haya, ngozi yako ni ya nini? Usije ukanifunga nguruwe kiunoni."

"Mzee, mimi nikimgusa nguruwe huyu mama ananirudisha kwa mama yangu."

"Mama yako yupo?"

"Alishafariki."

"Basi ungelala njiani." Mzee akacheka, na meno yake yalikuwa matatu. Halafu akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, na kicheko kikaisha. "Nipe."

Halfani aliuweka mkanda juu ya mikono ile.

Kwanza mzee aliunusa. Kisha akaupitisha kidole gumba, polepole, kutoka mwanzo. "Moja," alisema. "Mbili. Tatu. Mistari mitatu." Akafika kwenye kitanzi cha kisu, akakizunguka kwa kidole. "Kulia," alisema. "Ndiyo. Kulia." Akauinua mkanda akauweka usoni, pale kwenye macho, akakaa hivyo. Mwanahawa aligeukia ukutani, maana kuna mambo ambayo mgeni hapaswi kuyatazama.

Halafu vidole vikaendelea mpaka mwisho, vikagonga shaba, vikasimama.

"Hiki ni nini?"

"Ni bizimu, mzee. La kufungia."

Mzee aliligeuza. Katikati yake kulikuwa na mchoro uliokuwa umelika kwa miaka mingi ya kusuguliwa, na kidole gumba kikaupata.

"Taji," alisema. "Baba hakuwa na chuma tumboni. Lakini chuma hiki nakijua. Nilipokuwa mkubwa kidogo, askari wa Mdachi walipiga kambi kwetu, mimi nikawa nawabebea maji. Walikuwa navyo hapa." Akajigusa tumbo. "Umelitoa wapi, fundi?"

Hapo Mwanahawa alielewa ni kitu gani kilichomgusa moyoni siku ile. Miaka yote alikuwa ameliona bizimu lile kama kitu cha mkwewe, mzee Othmani, mtu mpole mwenye kanzu iliyopauka. Hakuwahi kumfikiria akiwa kijana mwenye bunduki. Na Halfani naye vivyo hivyo. Alijua baba yake alikuwa askari, kama mtu anavyojua baba yake aliwahi kuwa mtoto. Alijua tu, bila kumwona.

Filemoni alitaka kumsaidia mgeni wake. "Labda amelinunua sokoni, baba."

"Sikulinunua," alisema Halfani. "Ni la baba yangu. Alikuwa askari wao. Alitoka Pangani akiwa kijana, akaja nao huku."

"Alikuwepo Lugalo?"

"Sijui, mzee. Sikumuuliza, naye hakunisimulia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyonavyo nyumbani. Nilitaka kukupa kizuri. Sikufikiri. Unisamehe."

Mzee Kalinga aliuweka mkanda chini, juu ya mkeka. Aliuweka taratibu, hakuutupa, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mwambieni Jailos asimame," alisema, akageukia moto.

*

Halfani alikwenda kukaa nyuma ya nyumba, chini ya mianzi, mikono yake katikati ya magoti. Mwanahawa alimfuata.

"Usikae hapa penye baridi."

"Nimemharibia, Mama Ahmadi. Alikuwa ameupata, nikamnyang'anya."

Mwanahawa alimfunika mabega kwa kanga yake ya pili. Kisha akarudi peke yake kwenye ile nyumba ndogo kuuchukua mkanda, kwa sababu aliona si vizuri kumwachia mzee kitu kama kile pembeni ya miguu yake.

"Nani huyo?" mzee aliuliza.

"Mimi, mke wa fundi. Nakuja kuchukua mkanda."

Alidhani ataambiwa achukue aende.

"Kaa, mama," alisema mzee. "Huyo mkweo. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mwanahawa alikaa kwenye ukingo wa mkeka. Alifikiria amwambie kwamba alikuwa mcha Mungu, mtu wa watu, kama watu wanavyosema misibani. Lakini lililomjia mdomoni lilikuwa jingine.

"Alikuwa ananiwekea ukoko."

"Ukoko?"

"Wa wali, mzee. Mimi naupenda sana ukoko. Nilipoolewa nilikuwa na miaka kumi na saba, naona haya kukwangua sufuria mbele ya wakwe. Sijui alinionaje. Siku moja akasema mezani, ukoko ni wangu mimi, mniletee wote. Akawa analetewa. Halafu watu wakiondoka anaufunika kwa sahani, anaweka kwenye dirisha la jikoni, upande wangu. Hakusema neno. Miaka sita mpaka amekufa."

"Na yeye mwenyewe alikuwa haupendi?"

"Alikuwa hana meno, mzee."

Mzee Kalinga alitoa sauti ambayo Mwanahawa mwanzoni hakujua kama ni kikohozi. Ilikuwa kicheko. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa kabuti, na moto ukapasuka mara mbili mbele yao.

"Mimi baba yangu simjui hivyo," alisema. "Sijui alipenda nini. Ningepata hata kitu kidogo kama hicho cha ukoko, ningekitunza. Mimi namjua mkanda tu." Akapapasa mkekani mpaka akaupata. "Na huyu fundi wako ameujua kunipita, mpaka kitanzi cha kulia. Mtu wa Pangani!"

"Alizaliwa Iringa, mzee. Miyomboni."

"Basi ni mtu wa hapa, mbona hamkusema? Kamwite. Mwambie atoe bizimu lake. Silitaki kiunoni kwangu, lakini si la kutupa, ni la baba yake, alirudishe nyumbani kwake. Na mimi anifunge kama baba alivyofunga, kwa kamba za ngozi, hapa ubavuni, mafundo mawili."

Mwanahawa alitoka mbio kama msichana.

Halfani alikata mshono wa bizimu kwa kisu, akalifunga kwenye leso. Lakini alipotaka kushika kazi nyingine akasimama. "Mzee, sina ngozi ya kukata kamba. Mabaki yote yako Mbeya. Na sikukuu ni kesho."

"Nipime kwanza, tuone," alisema mzee. Filemoni akamsaidia kuvua kabuti. Ndani alikuwa na shati moja, na mwili wake ulikuwa mdogo kuliko walivyodhani. Halfani akamzungushia mkanda. Ukazunguka, ukafika, ukapita, ukabaki viganja viwili vizima vikining'inia.

"Mzee," alisema Halfani, "umekonda hivi tangu Aprili?"

"Kukonda nimekonda, lakini si hivyo. Huyo mtu uliyemshonea ni mnene, simjui."

Filemoni akaenda mlangoni. "Rozalia! Kile kipimo ulikipima wapi?"

Rozalia hakuonekana. Sauti yake ilitoka nyuma ya ukuta, nyembamba kama ya mtoto aliyevunja chungu. "Nisameheni. Ningewezaje kumzungushia baba mkwe kamba kiunoni? Nilipima kabuti. Lilikuwa limeanikwa."

Hapo mzee Kalinga akaanza. Safari hii alicheka mpaka Filemoni akamshika asianguke motoni. "Amelipima koti!" alisema. "Watu wamesafiri kutoka Mbeya kuja kulivika koti mkanda! Mwambieni mkwe wangu nimemsikia. Mwambieni ana adabu kuliko Uhehe wote, na adabu yake ina viganja viwili."

Halfani hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika kile kipande kilichozidi, anakipima kwa vidole. Ngozi ile ile, rangi ile ile. Alikikata, akakichana kamba nne nyembamba, na Mwanahawa akakaa karibu na mlango penye mwanga akatunga sindano. Walifanya kazi alasiri yote bila kuongea sana. Jua lilipokuwa linagusa mianzi, Halfani alimfunga mzee ubavuni, fundo moja, fundo la pili, na mzee akayapapasa yote mawili.

"Ndiyo haya," alisema. Akaomba aletewe chakula.

*

Siku ya sikukuu kulikuwa na ukungu mpaka baada ya misa. Watu walikuja kutoka vijiji vya mbali, wakajaa uwanjani. Vijana wenye mikuki na ngao walijipanga upande mmoja, Jailos akiwa mbele yao na mkanda wake wa dukani. Upande mwingine kulikuwa kumejengwa mlango wa nyasi, mlango peke yake, bila nyumba, na ndani ya mlango huo alisimama mzee Kalinga.

Kabuti alikuwa amelikataa. Alivaa kaniki nyeusi iliyofungwa begani, na mkanda kiunoni, na baridi ilikuwa kali, lakini hakutetemeka. Mbele yake alisimama Benedicta, binti mdogo wa Filemoni, ambaye ndiye aliyekuwa mtoto anayeagwa. Uso wake ulikuwa umefika sawasawa kwenye ile mistari mitatu.

Filemoni alikuwa amemwandikia baba yake maneno ya kusema, na mzee alikuwa ameyashika yote. Hakusema hata moja. Alishusha mkono akaupata utosi wa mjukuu wake, akauweka hapo. Akina mama waliokuwa wanamcheka mbuzi aliyeingia uwanjani wakamwacha mbuzi. Mwanahawa aliona mzee anapumua, na kila anapopumua ngozi inaitikia kidogo, na vidole vya yule mtoto vilikuwa vimekwenda vyenyewe kushika mkanda.

Halafu ikafika wakati wa kuondoka kwenda vitani, na mzee hakuona pa kwenda. Aliinua mguu akaurudisha. Kabla mtu yeyote hajapiga hatua, Jailos alitoka kwenye mstari wake, mkuki mkononi, akaja akampa kiwiko kama shujaa anayemfuata mwenzake, akasema kwa sauti ya kusikika na watu wote, "Twende, ndugu yangu, wametutangulia." Wakaondoka pamoja, polepole, na uwanja wote ukawafungulia njia.

Mwanahawa alimtazama mume wake. Halfani alikuwa anajifuta macho, akisema ni ukungu.

Kesho yake lori la mahindi lilikuja kuwachukua. Rozalia alikuwa amewajazia kikapu cha njegere na maharage, akakifunika majani ya mgomba, na juu yake akaweka maandazi ya njiani, ya moto bado. Mzee Kalinga alitaka apelekwe mpaka barabarani. Alikuja akimshika Filemoni bega, kabuti lake likiburura, na alipofika alitafuta mkono wa Halfani mpaka akaupata.

"Fundi."

"Naam, mzee."

"Habari za baba yangu ni fupi. Mimi nimezimaliza jana pale mlangoni, na wewe umeziona zote. Lakini za baba yako hatujazianza. Nataka kujua alikuwa anacheka vipi. Nataka kujua kama alipata kuzungumza habari zetu, hata kama ni mabaya."

"Ninayoyajua ni machache, mzee."

"Huyu mama anajua mengi, nimeshamgundua. Wewe njoo umshikie kikapu." Dereva alikuwa amewasha injini, na mzee ikabidi apaze sauti. Hakuwa ameuachia mkono. "Mje tena. Njooni kabla mvua hazijakata njia. Mnasikia? Msingoje barua, mje tu."